Waacheni Watoto Wasioumwa Koo: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya na Elimu

Waheshimiwa,

Mimi ni mtu wa maabara. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupokea vijiti vya pamba vilivyopitishwa kwenye makoo ya watoto, kuvipaka juu ya sahani yenye damu ya kondoo, kuilaza sahani kwenye joto usiku kucha, kisha asubuhi kuiinua kwenye mwanga na kuitazama. Wakiwepo bakteria wa streptokokasi kundi A, wanaoweza kuleta maumivu ya koo, damu huwa imeyeyuka kuzunguka kila kijipunje walichoota, na sahani nyekundu inakuwa imetobolewa na viduara angavu ambavyo mwanga unapenya. Ni sura nzuri, sitaficha. Lakini mtoto mwenyewe simwoni. Naona sahani tu, na kukaa na sahani miaka yote hii kumenifundisha hasa yale ambayo sahani haiwezi kusema.

Barua hii ni kwenu mnaopanga huduma za afya ya mtoto na mnaosimamia shule. Inahusu pendekezo ambalo halifi: kwamba watoto wote shuleni wapimwe koo, hata wasioumwa, ili wanaobeba bakteria hawa wabainishwe na kutibiwa. Pendekezo hili hulala kwa muda, kisha kukitokea mlipuko wa homa nyekundu darasani (homa ya upele inayoletwa na bakteria haohao), au mtoto mmoja akapoteza maisha ghafla, huamka na kupanda tena mezani kwenu likiwa na sauti ya wazazi wenye hofu. Ombi langu ni fupi: msilipitishe. Sababu ndizo zitakazochukua nafasi.

Tulipokuwa wanafunzi wa maabara, mwalimu alituamuru tuchukuane sampuli za koo sisi kwa sisi, tujifunze kuotesha. Hakuna aliyekuwa anaumwa. Kesho yake sahani ya mwenzetu mmoja ilikuwa imejaa viduara. Tukampa jina la utani ambalo sitaliandika hapa, akapewa penisilini ya vidonge ya siku kumi, akaimaliza yote kwa utiifu. Wiki tatu baadaye tukampima tena, kwa udadisi tu. Bakteria walikuwepo. Muhula ukaisha wakiwepo, na yeye hakuumwa koo hata siku moja, wala sisi tuliobanana naye kwenye benchi moja hatukuumwa. Wakati ule tuliona ni kichekesho. Sasa kila pendekezo hili linapofufuka namkumbuka yeye, nikimzidisha mara elfu, akiwa na umri wa miaka saba na asiyejua kwa nini ametengwa na wenzake.

Najua pendekezo linatoka wapi, na wanaolitetea si watu wa mzaha. Wanaogopa moyo wa mtoto kuharibika, na wana haki ya kuogopa. Mtoto anaumwa koo, linapona lenyewe baada ya siku chache, watu wanasahau. Wiki mbili au tatu baadaye goti linavimba, kisha kifundo, kisha kiwiko, homa inapanda: homa ya baridi yabisi. Viungo hupona. Vali za moyo, vile vilango vya kupitishia damu, zinaweza zisipone. Wanaopatwa zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15, umri uleule wa darasani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa wa moyo unaotokana na homa hiyo, na kwamba unaua watu wapatao 360,000 kila mwaka. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu yake. Chanjo hakuna mpaka sasa. Na chanzo cha yote ni bakteria ambaye penisilini inammudu; katika miaka yote tangu dawa hiyo ianze kutumika, hajaonekana kwa mgonjwa bakteria wa kundi hili aliyekuwa sugu kwa penisilini.

Kwa hiyo hesabu inaonekana nyepesi: mtafute bakteria popote alipo, muue, moyo utasalimika. Ni hapo kwenye "popote alipo" ndipo hesabu inapoharibika.

Kuwa na bakteria kooni na kuugua kwa sababu yake ni mambo mawili. Anayeugua, bakteria wamejishikiza kwenye koo lake, wanazaliana kwa wingi, mara nyingi wamo hadi puani, na mwili umeshatambua kuwa umevamiwa. Ukimpima damu mara mbili kwa wiki kadhaa, kingamwili dhidi ya streptokokasi zinapanda. Mbebaji yuko tofauti. Bakteria wake ni wachache, wametulia, wengi wao wamepunguza ile protini ya juu ya ganda inayowapa ukali, na kingamwili zake hazipandi. Wanaweza kukaa hivyo kwa miezi, kisha wakaondoka bila kuaga.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Moyo wa mtoto hautafunwi na bakteria. Bakteria hata hawafiki kwenye vali. Unaoumiza moyo ni mwili wenyewe, unapopigana na bakteria wa kooni na kuchanganya sura ya adui na sura ya tishu zake. Pasipo na pigano, hakuna majeruhi. Ndiyo maana miongozo ya wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza, ukiwemo ule wa Marekani wa mwaka 2012, husema wazi kwamba wabebaji kwa kawaida hawahitaji kutafutwa wala kutibiwa: hatari yao ya kupata madhara ni ndogo sana, na si wao wanaoeneza ugonjwa kwa wenzao.

Wapo wanaotujibu kwa methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mbebaji hafichi maradhi. Hana maradhi ya kuficha.

Sasa chukueni shule moja yenye watoto elfu moja, wote wazima wa afya. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuta kwamba takriban asilimia 12 ya watoto wasio na dalili yoyote hubeba streptokokasi kundi A kooni. Hao ni 120. Tutumie kipimo cha haraka, kile kinachotoa jibu kwa dakika chache, ambacho kwa watoto wanaoumwa koo hunasa kama 85 katika kila 100 walio na bakteria, na hukosea kwa watu kama 5 katika kila 100 wasio nao. Kwa wabebaji kitanasa wachache zaidi, kwa kuwa bakteria wao ni haba, lakini tukipe heshima yake yote. Kitabaini wabebaji 102 na kuwapita 18. Kati ya wale 880 ambao hawana chochote, kitawaambia 44 kuwa wanacho. Jumla, watoto 146 wanarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "chanya". Idadi ya wagonjwa miongoni mwao: sifuri, maana tulianza na watoto wazima.

Mtasema basi tuoteshe kwenye sahani, ni sahihi zaidi. Ni kweli, na kwangu mimi ingekuwa kazi ya uhakika hadi nistaafu. Lakini usahihi wa sahani ni katika kujibu swali lake lilelile: bakteria yupo au hayupo? Swali lenu ninyi ni jingine: mtoto huyu yuko hatarini? Hilo sahani hailijui, hata niiangalie kwa miwani ya aina gani.

Hoja moja ya upande wa pili nataka niipe uzito wake, kwa sababu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Sehemu kubwa ya wanaopata homa ya baridi yabisi hawakumbuki kuumwa koo kabla yake. Katika maelezo mengi ya wagonjwa hufika theluthi au kuzidi. Je, hao si wale hasa ambao kupima watoto wasio na dalili kungewaokoa? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa muda mrefu. Jibu ni kwamba watoto hao hawakuwa wabebaji watulivu. Walipata maambukizi mapya, ya kweli, yaliyopandisha kingamwili zao; ila koo liliwawasha kidogo tu, au liliwauma wakakaa kimya, au halikuwauma kabisa. Maambukizi ya namna hiyo yanaingia na kufanya kazi yake ndani ya wiki chache. Ukipita shuleni na vijiti vyako mara moja kwa muhula, utakutana na wabebaji ambao bakteria wao wamekaa miezi, na utawakosa karibu wote walioambukizwa wiki mbili baada ya wewe kuondoka. Kuwapata hao kungehitaji kupima koo la kila mtoto kila wiki, mwaka mzima, na bado usijue yupi katika wenye "chanya" ndiye mpya. Chujio la namna hiyo linashika makapi na kuachia punje.

Tuangalie na yanayompata mtoto baada ya karatasi. Anaanzishiwa dawa. Penisilini, ambayo humtibu mgonjwa vizuri, ni dhaifu mbele ya ubebaji: inawaua bakteria wanapozaliana, na hawa wametulia, baadhi wamejificha hata ndani ya seli za koo. Kwa hiyo anapimwa tena, bado yupo. Anapewa dawa nyingine, pana zaidi, ya gharama zaidi, inayolainisha tumbo zaidi. Anapimwa tena. Hapa sielezi jambo la kufikirika. Nimeona jina moja la mtoto likirudi kwenye daftari la maabara mara tano ndani ya mwaka, kila mara kutoka kituo kilekile, kila mara "chanya", na kwenye fomu sehemu ya dalili ikiwa tupu. Mara ya tano nilipiga simu. Nikaambiwa mtoto haumwi, ila mzazi hawezi kulala mpaka bakteria waondoke, na tayari ameshamuulizia daktari habari za kumkata tezi za koo. Kisu, kwa sababu ya viduara kwenye sahani yangu! Nilikata simu nikiwa na aibu, ingawa sikuwa nimekosea kusoma.

Shuleni nako. Mtoto aliyeandikwa "chanya" watamfanyaje? Watamrudisha nyumbani? Anayeumwa koo la streptokokasi hurudi darasani akishatumia dawa kwa muda wa siku moja hivi na homa imeshuka, na mambo yanaisha. Mbebaji, ambaye dawa haiwaondoi bakteria wake, angerudi lini? Naomba anayeandika mwongozo ajaribu kuijaza sentensi hiyo kabla hajaendelea na nyingine. Watoto wenzake wakijua, na watajua, atakuwa ndiye "mwenye wadudu". Jina la utani la darasa la pili halifutiki kirahisi kama la chuoni.

Kisha lipo tatizo la baadaye. Mbebaji naye hupata mafua kama mtoto yeyote. Makoo mengi yanayouma husababishwa na virusi. Miongoni mwa watoto wanaofika kwa tabibu wakilalamikia koo, kama theluthi tu ndio hukutwa na streptokokasi kundi A, na hata katika hao wamo wabebaji walioletwa na virusi. Mtoto aliyekwisha kuandikwa kwenye daftari kuwa mbebaji, kila akikohoa atapimwa, kila akipimwa atakutwa, kila akikutwa atapewa dawa ya bakteria kwa ajili ya kirusi. Tutakuwa tumemtengenezea ugonjwa wa makaratasi. Na dawa hizo hazichagui: zinawafundisha usugu bakteria wengine wote walio mwilini mwake. Streptokokasi mwenyewe, ingawa penisilini bado inamweza, ameshajifunza kuzikwepa dawa za jamii ya erithromisini na azithromisini, zilezile tunazomwekea akiba mtoto ambaye mwili wake unakataa penisilini. Na wapo wanaoikataa. Mzio mkali wa penisilini ni nadra, lakini hugeuka kuwa si nadra tena unapoigawa kwa maelfu ya watoto ambao hawakuwa wanaumwa chochote.

Tena dawa yenyewe haina ghala lisilo na mwisho. Mwishoni mwa mwaka 2022 Uingereza ilipata wimbi kubwa la maambukizi makali ya streptokokasi kundi A, watoto wakafariki, na mahitaji ya penisilini yakapanda kiasi kwamba serikali ililazimika kutoa utaratibu maalumu wa uhaba ili wafamasia waweze kutoa aina nyingine badala ya ile iliyoandikwa na daktari. Hiyo ni nchi yenye uwezo, na dawa ilikuwa ikitafutwa kwa ajili ya wagonjwa. Sindano ya benzathini penisilini, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kuzuia homa ya baridi yabisi kurudi, imekuwa ikikatika duniani mara kwa mara, kwa kuwa watengenezaji wake ni wachache na faida yake ni ndogo. Anayeishi na vali iliyoharibika anaihitaji kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Kila dozi inayomwendea mbebaji kwa kisingizio cha tahadhari imetoka kwenye rafu hiyohiyo.

Mwaka 1968 Wilson na Jungner waliandika, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, masharti ya kutimizwa kabla ya kuwapima watu wasio na dalili. Bado yanatumika, na si magumu kuyaelewa. Ugonjwa uwe na hatua ya awali inayotambulika. Kipimo kiwe kinafaa kuitambua. Tiba ya hatua hiyo iwepo na ikubalike. Ijulikane nani atibiwe na nani aachwe. Ulipime pendekezo letu kwa masharti hayo manne tu, uone. Ubebaji si hatua ya awali ya homa ya baridi yabisi. Kipimo hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Tiba haiwaondoi bakteria kwa uhakika. Na nani atibiwe, tumeona, hakuna anayeweza kuandika. Limeanguka somo la kwanza, la pili, la tatu na la nne.

Sisemi makoo ya wasioumwa yasiguswe kamwe. Kuna nyakati ambapo ningekuwa wa kwanza kuandaa sahani. Ikitokea mlipuko wa homa ya baridi yabisi, au wa ugonjwa wa figo unaofuata streptokokasi, au maambukizi makali yanayoingia kwenye damu na misuli yakawapata watoto zaidi ya mmoja mahali pamoja. Au bweni, kambi, makao ya watoto, ambako koo linauma, linatibiwa, linarudi, na ugonjwa unazunguka kitanda hadi kitanda. Au nyumba ambamo tayari yumo aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi, ambaye maambukizi mapya yanaweza kumalizia vali zake. Hapo tunawapima waliomzunguka, wote, hata wasioumwa, na kuna dawa zinazoweza kuwaondoa bakteria hata kwa mbebaji, kwa mfano klindamisini. Lakini tazameni kinachofanana katika hali zote hizo: kuna mgonjwa wa kweli aliyeanzisha msako, na kuna anayefahamika tunayemlinda. Huko ni kufuata nyayo, si kutupa wavu baharini kwa matumaini.

Basi nguvu zielekezwe wapi? Jibu la msingi lina zaidi ya miaka sabini. Kwenye kambi ya jeshi la anga ya Warren, Wyoming, nchini Marekani, madaktari Floyd Denny, Lewis Wannamaker na Charles Rammelkamp waliwatibu kwa penisilini askari vijana waliokuwa wanaumwa koo la streptokokasi, na mwaka 1950 wakachapisha walichokiona: homa ya baridi yabisi ikazuilika kwa sehemu kubwa sana kwa waliotibiwa, wakati katika milipuko ya namna ile kama asilimia 3 ya wasiotibiwa waliipata. Kazi ya kambi ile ilitufundisha pia kwamba tuna muda: dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado inazuia. Vilevile ilionyesha kwamba mavumbi na mablanketi yenye bakteria hawa hayakuwa njia ya kuambukiza, jambo ambalo nalitaja kwa ajili ya wale ambao kila mlipuko ukitokea huagiza shule nzima ipuliziwe dawa. Ugonjwa unatoka kwa mtu mgonjwa aliye karibu, hasa wanapolala au kukaa kwa kubanana.

Siku tisa ni nyingi kwa mwenye njia, na ni chache mno kwa asiyekuwa nayo. Mtoto anayeumwa koo leo, je, kuna mtu shuleni wa kumwambia? Mwalimu anajua kwamba koo linalouma pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, linastahili kuonwa? Kituo cha afya kinafunguliwa wakati mzazi ametoka kazini? Kipimo cha haraka kipo siku hiyo, na sindano ipo siku hiyo, au mtoto anaambiwa arudi wiki ijayo? Huko ndiko siku tisa zinakopotea. New Zealand ilipoamua kupambana na homa hii kuanzia mwaka 2011 ilipeleka wauguzi na wahudumu wa afya shuleni katika maeneo yaliyoathirika zaidi, lakini kazi yao ilikuwa kuuliza nani koo linamuuma, kisha kumpima huyo na kumtibu. Hata mpango wa namna hiyo si mwepesi na matokeo yake hayakuwa sawa kila mahali. Jaribio la awali lililofanyika huko katika shule kadhaa, likachapishwa mwaka 2009, halikutoa tofauti iliyo wazi kitakwimu. Ikiwa kuwatafuta wanaoumwa ni kugumu kiasi hicho kuleta tija, kuwatafuta wasioumwa kutaleta nini?

Na kama mmeazimia kwa dhati kwamba lazima mtoto asiye na dalili apimwe kitu, sitawapinga kwa kila kitu. Msitazame koo. Tazameni moyo. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kambodia na Msumbiji ambamo watoto wa shule walipimwa mioyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile tunayoiita eko. Ilibaini vali zilizoathirika kwa kiasi cha mara kumi ya zile zilizogunduliwa kwa kusikiliza kifua peke yake. Kisha Uganda: watoto zaidi ya laki moja walipimwa, waliokutwa na dalili za mwanzo ambazo wao wenyewe hawakuzihisi wakagawanywa, 818 kwa jumla, nusu wakapewa sindano ya penisilini kila mwezi na nusu wakafuatiliwa bila sindano. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Hapo kuna hatua ya awali, kuna kipimo kinachoiona, kuna tiba inayobadilisha safari ya mtoto. Bado maswali ya gharama na ya nani atashika mashine ni makubwa, na sindano ya kila mwezi kwa mtoto si jambo la kusemwa kwa wepesi. Ila ni mjadala wenye miguu ya kusimamia.

Kuhusu msongamano madarasani na mabwenini, na nyumba ambazo watoto wanne wanalala kitanda kimoja, sina cha kuongeza ambacho hamkijui. Homa ya baridi yabisi ilikuwa imeanza kupungua katika nchi tajiri hata kabla ya penisilini, watu walipopata nafasi ya kulala mbalimbali.

Nina ombi moja la kimaabara, dogo, ambalo halihitaji bajeti. Kwenye fomu ya kuombea kipimo cha koo, wekeni mistari miwili ambayo lazima ijazwe: "Koo linamuuma?" na "Tangu tarehe gani?" Mstari wa pili unaniambia ni siku ngapi zimebaki kati ya zile tisa, na sampuli ya mtoto ambaye muda unamwishia nitaiweka mbele ya nyingine zote, hata kama ni saa ya kufunga. Mstari wa kwanza ukijibiwa "hapana", na hakuna mlipuko wala mgonjwa wa moyo nyumbani kwao, naomba kwa maandishi yenu ruhusa ya kukirudisha kijiti hicho bila kukifungua.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa maabara